Mtambo Uliolishwa Karatasi

Mlioniacha wiki iliyopita mlangoni mwa chumba cha chini ya ngazi, ufunguo mkononi na kifua mbele, karibuni tena. Nasikia baadhi yenu mmeanza kunihurumia. Kaeni na huruma yenu. Wapeni waliozaliwa bila akili.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Limbert Orellana wa Quillacollo, mji ulio jirani na Cochabamba. Kampuni ya mabasi ilinifukuza, duka la simu likanifukuza, kisha mama mmoja, doña Nemesia Claros, akaniokota. Ana karakana ya kushona sare za bendi na za wacheza ngoma wa kanivali. Alinichukua kwa sababu printa yake ilikuwa imegoma, nami nikaipatanisha na kazi.

Nilipofika, vipimo vya wateja vilikuwa vinasafiri kutoka duka lake la sokoni La Cancha hadi karakanani kwa mdomo wa dereva. Mpiga filimbi mwembamba alipewa koti la mpiga ngoma mnene, na mpiga ngoma akapewa kitu cha kumfunika goti.

Nikamwambia doña anunue seva. Nikamweleza kwa lugha ya watu: ni kompyuta moja isiyolala, inayotunza kazi ya wote. Anayepima dukani anaandika, anayekata karakanani anasoma, jedwali ni lile lile. Akanunua.

Ndipo akatokea Boris Antezana, mtoto wa kaka yake, injinia mwenye cheti cha chuo cha Santa Cruz kilichotiwa fremu. Boris hutembea kama aliyemeza rula. Akamwambia shangazi yake kwamba seva ya chini ya ngazi ni ushamba. Kila kitu kiende kwenye wingu, yaani kwenye mashine za watu wa mbali usiowajua.

Nikamjibu kwa kopla, vile vishairi vya mistari minne tunavyorushiana wakati wa kanivali. Kopla sikufundishwa na mtu. Zilinikuta zenyewe.

*Wingu halina kitasa,*
*wala mlango wa mbao;*
*ukilipa siri sasa,*
*kesho itanyesha kwao.*

Washonaji walipiga makofi mpaka sindano zikawaanguka. Doña Nemesia akacheka, akanikabidhi ufunguo wa chumba.

"Ni wako mpaka Corso ipite," akasema. "Baada ya hapo nitachagua mkuu wa mitambo. Mmoja wenu atabaki na ufunguo. Mwingine aende zake."

Hapo ndipo mlipoishia. Sasa sikilizeni.

Corso ni lile gwaride la Jumamosi baada ya kanivali, siku Cochabamba nzima inapohamia barabarani. Bendi ya mji wa Vinto ilitaka kuingia na makoti mapya. Nusu ya makoti yalikuwa tayari, nusu yalingoja kukatwa. Bendi yenyewe ilikuwa mjini Oruro ikipuliza matarumbeta, na ingerudi Jumamosi asubuhi, kuvaa na kuingia barabarani. Hakukuwa na wa kupimwa tena. Vifua vyao, mabega yao na matumbo yao yote yalikuwa ndani ya mtambo wangu, ile seva ya chini ya ngazi.

Basi ikaja Jumanne ya ch'alla.

Siku hiyo, kila kinachokulisha lazima ukinyweshe. Cherehani, mkasi, gari, droo ya pesa. Pachamama, yaani Mama Ardhi, hupewa wa kwanza, nawe hunywa kinachobaki. Mtu anayeiruka siku hiyo asilalamike mwaka mzima.

Doña Nemesia akaja chini ya ngazi na ndoo ya chicha, pombe yetu ya mahindi, na chupa ya singani, ile kali ya zabibu. Nyuma yake alikuwa don Satuco, mkuu wa wakataji, kodiani kifuani na kikombe mkononi.

"Fungua, kijana. Mtambo wako una kiu."

"Doña, mtambo haunywi. Tone moja tu, umekwisha."

"Unasikia, don Satuco? Ana mtambo mlokole."

"Utakuwa wa lile kanisa la wasiocheza," akasema don Satuco. "Uchungulie vizuri, utakuta una Biblia."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasimama mbele ya mtambo, mikono nimeitanua.

"Mwageni sakafuni, kwenye pembe za chumba. Mtambo wenyewe hapana. Anayetaka kuumwagia, aanze na mimi."

Don Satuco hakusita. Kikombe kizima cha chicha kikanishukia utosini.

"Nimeanza," akasema.

Chicha ikanitiririka mpaka kolani. Mtambo haukupata hata tone. Niliukinga kwa mwili wangu, na naliapia jambo hilo hadi leo.

Lakini doña Nemesia alikuwa ameanza kununa. "Kwa hiyo mwaka mzima mtambo unanifanyia kazi, halafu siku ya ch'alla niuache uchi? Wenzake wote wamevaa. Kesho ukisusa, nani atalaumiwa?"

Hapo ndipo akili yangu, ile ninayojivunia, iliponigeuka.

"Upambeni, doña," nikasema. "Karatasi ruksa. Karatasi haina maji. Karatasi haijawahi kuua mtu."

Mngewaona! Wakauviringishia tepe za karatasi za rangi mbele na nyuma. Wakaurushia vipande vya karatasi konzi kwa konzi, mpaka vikaingia kwenye kila kitundu. Mtambo ukapendeza kama bibi harusi wa Tarata.

Boris alikuwa ameegemea mlango, glasi mkononi, hajaloa hata shati.

"Mshairi," akaniuliza taratibu, "feni ya mtambo wako inavuta hewa upande gani?"

"Upande wa wenye akili, injinia. Ndiyo maana wewe hujaisikia."

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Boris akatabasamu, akanywa, akanyamaza. Mtu mwenye cheti akinyamaza, wajinga hudhani ameshindwa. Mimi nilidhani ameshindwa.

"Na hiki kisanduku cheusi?" doña akauliza.

"Hicho ni nakala ya akiba, doña. Kila jioni mtambo unaandika humo kila ulichonacho. Ni roho yake ya pili. Mtambo ukifa leo, kisanduku hiki kinaufufua kesho."

Nililisema hilo kwa sauti ya padri. Doña Nemesia akakitazama kisanduku kwa muda mrefu, akavua kofia. Nikadhani ni heshima.

Ilikuwa heshima kweli. Subirini.

Asubuhi ya Jumatano ya Majivu nilipofungua chumba, joto lilinipiga usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Mtambo ulikuwa kimya. Hakuna taa, hakuna mlio, harufu tu ya plastiki iliyoungua.

Nikafungua ubavu wake. Tepe za karatasi zilikuwa zimejisokota kwenye feni kama uzi kwenye pia, na feni imenyongwa. Vipande vya karatasi vimeziba kila mahali pa kupumulia. Mtambo ulijipika wenyewe usiku kucha, umevaa nguo za sherehe.

Nikang'oa tepe kwa vidole, nikazisokomeza mfukoni. Nikapuliza vipande, vikaruka sakafuni. Nikafunga ubavu. Nikasikia viatu vya doña kwenye ngazi.

"Kuna nini? Mbona umetoa jasho?"

"Mtambo umekufa, doña."

"Umekufa na nini?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Umeme, uchakavu, jicho la Boris. Ulimi wangu, unaopata kina haraka kuliko wa mtu yeyote bondeni, ukachagua wenyewe.

"Chicha."

"Chicha ya nani?"

"Don Satuco alikuwa na kikombe, doña. Nyote mlikiona."

Don Satuco alikuwa nyuma yake, futi ya kupimia imening'inia shingoni. "Mimi?" akasema. "Mimi nilimwagia wewe, mtoto."

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi, don Satuco? Nilikuwa nimesimama mbele ya nini?"

Yeye ni mtu wa mkasi. Maneno yake ni machache na hukata mara moja. Siku ile hakukata kitu.

Doña Nemesia akamtazama, akanitazama mimi.

"Don Satuco, nenda nyumbani. Kaa mpaka nikuite."

Yule mzee alimkatia doña vitambaa tangu mume wa doña akiwa hai. Akavua futi, akaitundika kwenye msumari wake. Akavua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba inauzwa. Akapita mbele yangu bila kunitazama.

Nikajiambia: mzee atapumzika siku mbili, Corso itapita, atarudi. Ulimwengu haujaanguka. Ndivyo mtu hujiambia anapokuwa ameshaukalia uongo na hauwezi tena kumtoka chini.

"Usiogope, doña," nikasema. "Roho ya pili ipo."

Nikafungua droo ninamokitunza kisanduku cheusi. Tupu.

"Kisanduku kiko wapi?"

"Nimekiweka mahali pa heshima."

Mahali pa heshima palikuwa uani, juu ya meza ya sadaka, karibu na makaa yaliyozimika. Kisanduku kilikuwa kimelala ndani ya bakuli la udongo, kimefunikwa majani ya koka, kimezama nusu. Nikakinyanyua. Singani ikanimiminikia mikononi.

"Doña!"

"Nini? Si ulisema ni roho? Nilinywesha cherehani, nikanywesha mkasi, roho niiache na kiu? Nikaipa ya kwanza, tena ya chupa nzuri."

Nilikitikisa. Singani ikacheza ndani. Nilikiunganisha na kompyuta, hakikuitika. Nusu ya bendi ya Vinto ilikuwa imezama ndani ya pombe, nami nimeshika bakuli.

Doña Nemesia hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akatoa simu kwenye mfuko wa sketi yake pana.

"Boris. Njoo na ile."

Ile? Ile ipi?

Boris akaja na kompyuta yake chini ya kwapa. Akaiunganisha na televisheni kubwa ya karakanani, ile ya kutazamia mpira. Akabonyeza mara mbili, na jedwali langu likatokea ukutani. Jedwali langu! Kila kifua, kila bega, kila tumbo la Vinto, mpaka kipimo cha mwisho kabisa.

"Umeiba wapi hii?"

"Iko kwenye wingu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu," akasema doña Nemesia. "Akiba haiozi, mwanangu. Wewe uliniambia mtambo una roho mbili. Mimi nikautafutia ya tatu."

Kumbe siku ile ile aliyocheka kopla yangu na kunipa ufunguo, jioni yake alimpa Boris ruhusa ya kunakili kila kitu. Makofi yote yale! Nilikuwa jogoo aliyesifiwa sauti huku maji ya kumnyonyolea yakichemka.

Wakataji wakaingia kazini bila mkuu wao. Alhamisi, doña akawaita wote karakanani wafundishwe njia mpya ya Boris. Washonaji wakakaa kwenye viti vyao, watu wa duka nao wakaja. Doña akakaa mbele kabisa, mikono magotini, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Mimi nilikaa nyuma na kompyuta yangu. Nilikuwa bado na ufunguo mfukoni, na Corso ilikuwa bado haijapita. Kwenye akili ya mtu mwenye fahari, hayo yanatosha.

"Fungueni ule ukurasa mweupe wa majaribio," akasema Boris. "Kila mmoja atakuwa na rangi yake. Shangazi ni mwekundu, atatumia kompyuta yangu. Duka ni njano. Limbert ni kijani."

"Kama kasuku," akasema mshonaji mmoja.

"Limbert, unanifuata?"

"Nakufuata, injinia. Hata ukipotea nitakuonyesha njia ya nyumbani."

Wakacheka kidogo. Kidogo mno kwa mzaha ule. Boris akaendelea na maneno yake, na mimi nikaacha kusikiliza. Ningesikiliza nini? Nilijua jedwali la watu wengi yeye akiwa bado anaogopa kompyuta. Katika mpango wangu mtu huandika, hufuta, hupamba, na akiridhika hubonyeza kuhifadhi. Ndipo wengine wanaona. Ndivyo afanyavyo mtu mwenye adabu. Huwezi kutoka nje na sabuni usoni.

Mbele yangu ukurasa mweupe. Moyoni mwangu moto. Vidole vikaanza vyenyewe.

*Shangazi kavaa wingu,*

Nikautazama mstari, nikaupenda. Boris alikuwa bado anaongea.

*mpwa kavaa miwani,*

Boris akanyamaza katikati ya sentensi. Nikadhani amesahau somo, na nikafurahi.

*vichwani mna ukungu,*

Karakana ilikuwa kimya. Hata cherehani ya jirani, inayopiga kelele kila siku, ilikuwa imenyamaza. Nikatafuta mstari wa nne, macho juu, kama nifanyavyo siku zote ninapotafuta kina.

Macho yakagonga televisheni.

Kopla yangu ilikuwa pale, kubwa kuliko mlango, rangi ya kijani. Kando yake limeandikwa jina langu lote. Mwisho wa mstari wa tatu kijiti chembamba kilikuwa kinawakawaka, kinaningoja.

"Nilikuwa nasema," akasema Boris kwa upole uliooza, "kwamba huku hakuna kitufe cha kuhifadhi. Kila herufi wote wanaiona ikizaliwa."

Mshonaji mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa. Mwingine akasoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, mpaka kwenye ukungu. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama doña Nemesia mgongoni.

Akageuka polepole.

"Malizia," akasema.

"Doña, nilikuwa..."

"Malizia. Mimi ni mzaliwa wa Punata, nyumbani kwa kopla, kijana. Nimeimbiwa matusi na wanaume waliokuwa wanaweza. Kopla ya mistari mitatu ni koti la mkono mmoja. Hiyo humu ndani haitoki."

Nilitafuta mstari wa nne. Sikuuona.

"Basi nikusaidie."

Akasogea kwenye kompyuta ya Boris. Mwanamke huyu hajawahi kugusa kibodi mbele ya watu. Akanyoosha kidole kimoja, kile cha kuvalia subana ya kushonea, akaanza kudonoa. Herufi zikatokea ukutani moja moja, nyekundu, na karakana nzima ikazisoma zikiota.

*karatasi ni ya nani?*

Ulikuwa na mizani kamili, na kina chake kilikaa juu ya changu kama kofia. Mimi, hata katika kufa kwangu, mstari mzuri huuheshimu.

Akatia mkono mfukoni mwa sketi. Akatoa kipande cha tepe ya karatasi ya waridi, kimesokotwa, ncha yake imeungua.

"Jumatano ulipotoka, nilifagia chumba kile. Kwangu mimi chicha hukauka. Haigeuki karatasi ndani ya feni."

Ndipo nikasikia upepo wa kodiani ukivutwa. Don Satuco alikuwa mlangoni, amevaa shati la Jumapili. Alikuwa ameitwa. Alikuwa amesimama pale tangu mstari wa kwanza.

"Nyumbani kwetu," akasema doña Nemesia, "anayetukana kwa kopla hujibiwa kwa kopla, haendi kulalamika kwa mwenyekiti. Mimi nimeuliza. Wewe utajibu hapo hapo ulipoandikia, mbele ya wote. Ukinishinda, ufunguo ni wako na mkuu wa mitambo ni wewe."

"Shangazi!" Boris akaruka kama aliyekalia sindano.

"Nyamaza wewe! Siku ya ch'alla uliiona feni, ukauliza swali la kejeli, ukanywa glasi yako. Ulijua mtambo wangu unaliwa, ukaacha uliwe ili uje na wingu lako. Kaa chini."

Boris akakaa. Ilikuwa furaha yangu pekee ya wiki ile, na sikupata nafasi ya kuila.

"Ukishindwa," akaniambia mimi, "utatoka kwa mlango ule. Lakini kabla ya kutoka utachukua aproni aliyoikunja, umfunge don Satuco kiunoni kwa mikono yako, useme kwa mdomo wako nani aliyeulisha mtambo karatasi."

"Na kama sitaki vyote viwili?"

"Basi hukuwa mshairi. Ulikuwa redio."

Don Satuco akaanza kupiga. Mdundo ule ule wa bondeni, ule ambao nimeutukania watu tangu utotoni na sijawahi kukosa neno. Ukazunguka mara moja. Nikaweka vidole kwenye kibodi.

Chini ya swali jekundu kijiti cha kijani kiliwakawaka, na jina langu kando yake.

Mistari ilikuja. Msidhani haikuja! Ilikuja mingi, mikali, yenye vina vya kuua. Wa kumchoma Boris. Wa kumgeuzia doña bakuli lake la singani. Na mmoja mzuri kuliko yote, wa kumrudishia don Satuco kikombe chake cha chicha, ambao ungewachekesha mpaka wasahau walichouliza. Ulikuwa mzima kichwani, mizani nane. Nilihitaji tu kuuandika. Lakini hakuna hata mmoja uliojibu karatasi ni ya nani.

Nikaandika herufi moja.

Karakana nzima ikaisoma kwa sauti.

Nikaifuta. Wakaniona nikiifuta.

Don Satuco, macho yake kwenye televisheni, si kwangu, akaurudisha wimbo mwanzo.